Kiapo Ulichokula Kwenye Filamu

Kiritiri,
4 Februari 2024

Mwanangu Mugendi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yananigomea nikipanda njia ya kanisani. Mkeo Kinya anaendeleaje na mimba yake? Mwambie ale ndengu, aache kuchagua chakula kama mgeni wa harusi. Akijifungua mvulana ataitwa Mbae, jina la marehemu baba yako, na mimi nitapata tena mtu wa kugombana naye hapa nyumbani.

Najua utauliza kwa nini nakuandikia barua ndefu hivi kwenye WhatsApp badala ya kupiga simu. Tukipigiana, wewe ndiye unayesema. Nikiandika, nasema mimi, tena kwa Kiswahili sanifu, maana sikufundisha darasa la saba miaka yote ile ili mwanangu aniandikie "niaje mathe".

Sasa nije kwa kipindi chenu. Jana nimetazama Chifu Hana Habari hotelini kwa binamu yako Sheila, watu wamejaa mpaka mlangoni. Wewe kama mlinzi anayelala amesimama umenichekesha hadi chai ikanipalia. Pale chifu anakuuliza mwizi amepitia wapi, na wewe unamwonyesha njia huku umefumba macho, hiyo ndiyo kazi. Lakini yule Karwirwa anayeigiza mke wa chifu anapiga kelele kila sentensi, kana kwamba sisi watazamaji ni viziwi. Na mzaha wa sisi Wambeere na mbuzi umeanza kuchacha. Mwambieni mwandishi wenu huku tunafuga pia kuku.

Sheila anasema kuna filamu inakuja, na kwamba humo wewe si mtu wa kuchekesha. Niambie mapema nijitayarishe.

Ni mimi mama yako,
Mwalimu Teresia


Ruiri,
7 Februari 2024

Mama mpendwa,

Habari za huko, na za magoti? Sisi huku tuko salama, baridi tu ya Ruiri ndiyo haina adabu. Kinya yuko mwezi wa nne. Ndengu amezikataa lakini amekubali viazi, naomba tusimshtaki. Karwirwa nimemsomea maoni yako akanuna siku nzima.

Filamu inaitwa Korongo. Mimi ni tajiri wa mchanga. Namuua mpakiaji wangu, namzika mtoni, kisha nasimama mbele ya wazee na kukana. Dairekta wetu, Kiunga, alinichagua kwa sababu anasema uso uliozoea kuchekesha hutisha zaidi ukiacha kucheka. Sehemu ya mtoni tulirekodi huko huko nyumbani, chini ya daraja, wakati ule ulikuwa umeenda Siakago kumwona shangazi. Sikukuambia kwa sababu ungekuja na kiti ukae nyuma ya kamera kutusahihisha.

Ni giza kidogo, Mama. Usiitazame ukiwa peke yako.

Mwanao,
Mugendi


Kiritiri,
3 Machi 2024

Mwanangu Mugendi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Kinya pia. Mimi niko, ingawa sijalala vizuri.

Tumeitazama Korongo baada ya misa. Nianze na makosa ya kawaida. Giza mno. Nusu ya kwanza sikujua nani anamfukuza nani. Mvua inanyesha dirishani na mlangoni kuna vumbi. Unachimba mchanga mchana kutwa na viatu vyako vinang'aa. Na marehemu hana hata jina, kila mtu anamwita "mpakiaji", kana kwamba mama yake alimzaa akiwa na sepetu mkononi. Lakini nilikuogopa, Mugendi. Pale unapokula githeri pole pole na yule mtu yuko chini ya mchanga, nilisahau kwamba nimekunyonyesha.

Sasa nije kwa kiapo. Uliinua jiwe, ukavunja mifupa ya beberu, ukasema kwa Kimbeere kilichonyooka: "Mimi mwana wa Mbae, kama nilimuua mtu huyu, nyumba ya Mbae ivunjike kama mifupa hii." Hiyo ni kuringa thenge, kiapo chetu cha beberu, na hukuigiza. Umesema kila neno mahali pake, kwa jina la baba yako. Na sote mle hotelini tulikuwa tumeona kwa macho kwamba ulimuua.

Baba yako mkubwa Ireri alisimama, akavua kofia, akatoka nje bila kumaliza soda yake. Sheila akazima televisheni kabla ya mwisho, kwa hiyo sijui hata kama ulikamatwa.

Nani alikufundisha maneno yale?

Mama yako,
Teresia


Ruiri,
5 Machi 2024

Mama,

Shikilia hapo kwanza, usiogope. Sisi wazima, na wewe nakuombea usingizi.

Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa mtoto wakati Baba Mkubwa Ireri alipoapishwa kwa ile kesi ya shamba. Mlitufukuza sisi watoto, nami nikajificha nyuma ya zizi nikasikia yote. Siku ya kurekodi, Kiunga aliniambia, "Sema kitu cha kwenu, kitu kizito, hii script ni nyepesi." Nikasema nilichokumbuka. Ningetaja jina gani? Nikitaja la kubuni linatoka mdomoni kama la kubuni. Nilisema la Baba likatoka zito.

Mbuzi mwenyewe alikuwa mifupa ya buchari, Mama. Ni mchezo. Ukiigiza harusi huwi umeoa. Watu wa huko wamenicheka kwenye Chifu miaka miwili na hakuna aliyedhani kweli nalala nimesimama.

Kinya anakusalimu. Mtoto ameanza kucheza.

Mwanao,
Mugendi


Kiritiri,
17 Machi 2024

Mwanangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hamjambo huko? Kinya hana maumivu? Nijibu hilo kabla ya mengine yote.

Jana nilienda kutazama Chifu kama kawaida. Ulipotokea langoni umefumba macho, hakuna aliyecheka. Ulifanya kila kitu vizuri, ukaonyesha njia, ukakoroma, na hoteli nzima ikakuangalia tu. Mama mmoja wa jumuiya yetu alimfunika mtoto wake uso kwa leso. Nililipa chai yangu nikatoka.

Wiki hii ukingo wa mchanga umemwangukia mjukuu wa Ireri. Amevunjika mguu. Kila mwaka mchanga huvunja mtu, hilo unalijua na mimi nalijua. Lakini Ireri alikuja hapa, akakataa kuketi, akaniambia nikiwa nimesimama naye mlangoni: "Mwalimu, huo ni mwanzo. Kiapo cha uongo hutangulia kugonga mlango wa jirani, kisha kinaingia kwa mwenyewe. Ni nani mdogo kabisa kwa nyumba ya Mbae?"

Tulijua wote wawili ni nani.

Mimi ni Mkristo, na ni mwalimu, na nimewaambia watoto wa watu kwa miaka mingi kwamba mambo hayo yalikwisha. Naogopa, Mugendi. Naogopa hata kumtaja mtoto nikisali, nisije nikamwonyesha aliko. Ireri anasema kiapo kinaweza kufunguliwa, lakini lazima uje mwenyewe. Njoo. Kama ni mchezo, njoo ucheze na huu.

Mama yako


Ruiri,
20 Machi 2024

Mama mpendwa,

Kinya mzima, hana maumivu. Nimeanza na hilo kama ulivyoagiza.

Pole kwa mguu wa kijana, nitampigia. Lakini siji. Tunarekodi Chifu mpaka Pasaka, na nikija nitakuwa nimekubali kwamba maneno ya filamu yanaweza kumuua mtoto wangu. Nikilikubali hilo nitalala vipi? Mwambie Baba Mkubwa ninamheshimu na kwamba yeye mwenyewe amenicheka mara nyingi kuliko mtu yeyote Kiritiri.

Nakuomba usimwandikie Kinya lolote kuhusu haya.

Lakini niambie tu, kwa kujua. Huko kufungua ni kufanya nini hasa?

Mwanao,
Mugendi


Kiritiri,
7 Aprili 2024

Mwanangu Mugendi,

Salamu. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka kuuliza mpaka mwisho, na sasa nimeuliza natamani ningeacha.

Kufungua ni hivi. Wazee wanachinja mbuzi, wanakunyunyizia majimaji ya tumboni mwake, na wewe unarudi kwenye kiapo unakigeuza. Uliapa kwamba hukuua. Kwa hiyo unasema, "Niliua, nikaapa uongo," mbele ya watu wote wa ukoo na yeyote anayetaka kusikia. Nilimwambia Ireri, lakini hakuua mtu. Akasema, "Kiapo hakijui hilo. Kiapo kinajua kile kilisemwa."

Sasa sikiliza. Unamkumbuka Ndwiga, yule wa ng'ambo ya daraja? Alikuwa mpakiaji wa mchanga. Mvua za Novemba alitoka asubuhi na sepetu yake kwenda mtoni, na hajaonekana hadi leo. Wengine wanasema mto ulimchukua, wengine wanasema alitoroka madeni, wengine hawasemi. Filamu yenu ilirekodiwa lini, Mugendi? Ni Januari. Wapi? Chini ya daraja hilo hilo. Ndugu za Ndwiga wameanza kuuliza watu wa filamu walipata wapi hadithi yao. Ukisimama kwa Ireri useme uliua, kutakuwa na simu ishirini zinakurekodi, na hakuna itakayorekodi kwamba ni kwa sababu ya filamu.

Mwezi uliopita nilikuambia uje. Leo nakuambia usije. Nitafunga na kusali, na nitavumilia watu wanaohama kiti kanisani nikikaa. Usije.

Mama yako,
Teresia


Meru,
12 Aprili 2024

Mama,

Sitauliza habari leo. Kinya ametokwa na damu tangu Jumanne. Amelazwa hapa Meru mjini. Daktari anasema alale chali asiinuke, na kwamba wanangoja waone.

Kumbe alijua. Mtu wa kanisa alimtumia kipande cha kiapo, na ameshakitazama sijui mara ngapi akiwa peke yake. Aliniuliza, "Ulitaja jina la mtoto wangu?" Nikamwambia nilitaja la babangu. Akasema, "Si ni moja?" Tangu hapo hasemi nami, anashika tumbo tu na kutazama ukuta.

Nimesoma barua yako yote. Najua habari ya Ndwiga. Lakini mimi ndiye nilisema yale maneno na ni Kinya analipa. Siamini, Mama. Nataka ujue siamini. Naogopa tu kwamba kuamini kwangu hakuhitajiki.

Nimempigia Baba Mkubwa. Ni kesho, kwake. Nitasema watakalo nirudi hospitalini.

Mwanao,
Mugendi


Kiritiri,
13 Aprili 2024

Mugendi,

Nimekupigia tangu alfajiri na simu yako imezimwa. Ukipata hii ukiwa Embu, shuka urudi. Watu ni wengi kuliko matanga. Ndugu za Ndwiga wako hapa, na wamemleta mama yao, ameruhusiwa kuketi mbele. Sheila ameegesha gari la hoteli nyuma ya boma endapo utalihitaji. Sisi wanawake wengine tumeambiwa tukae mbali, karibu na barabara, kwa hiyo sitasikia lolote.

Kama ungali njiani, rudi kwa Kinya. Nitawaambia umeugua.

Mama


Meru,
16 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Natumaini hujambo. Hatukuagana, na sikukuona hata uso. Barua yako niliisoma tukirudi, nilipochaji simu kwenye gari la Sheila.

Kwanza Kinya. Damu imekoma. Ilikoma Jumamosi jioni, nesi ndiye alinipa habari hata kabla sijafika wodini. Moyo wa mtoto unapiga vizuri, nimeusikia mwenyewe kwenye mashine. Daktari anasema ni ile dawa na kulala. Sikubishana naye.

Sasa nikuambie yaliyosemwa, kwa kuwa wewe hukusikia. Baba Mkubwa alifanya kila kitu kwa upole. Aliwaeleza watu kwamba ni mambo ya filamu, alieleza mara mbili, nakuhakikishia. Nikanyunyiziwa. Nikasema, "Niliua, nikaapa uongo, nyumba ya Mbae isilipe." Nilidhani imeisha. Mzee mmoja akauliza, "Ulimuua nani? Lazima atajwe." Nikatafuta jina, Mama, na hakuna jina. Kiunga hakumpa. Wewe mwenyewe uliliona hilo. Watu wananingoja, majimaji yananitiririka machoni, na nikasema kitu pekee nilichokuwa nacho: "Yule mpakiaji wa mchanga."

Huko nyuma watu wakaanza kusimama. Sheila alikuja mbio kutoka nyuma ya boma, akanishika mkono, "Mugendi, wewe ingia gari, usiangalie nyuma, ingia tu." Nikaingia. Mawe mawili yaligonga mlango, si mengi.

Najua nimekuachia mzigo. Lakini mtoto yuko hai. Waambie watazame filamu hadi mwisho. Mwisho kuna majina ya waigizaji wote, hata yule mpakiaji, ni kijana wa Runyenjes na juzi tulikuwa naye tukinywa chai. Waonyeshe tu wataelewa.

Mwanao,
Mugendi


Kiritiri,
28 Aprili 2024

Mwanangu Mugendi,

Namshukuru Mungu kwa ajili ya Kinya. Mwambie mimi ndiye ninayemsalimu, si mtu mwingine. Mimi ni mzima wa mwili.

Ndugu za Ndwiga hawajaja kwangu kwa ubaya. Nilifunga milango kwa siku kadhaa nikiwangoja, na hawakuja. Aliyekuja ni mama yao. Anakuja kila asubuhi, anaketi nje ya lango langu, na nikifungua ananiamkia kwa heshima kama tulivyoamkiana siku zote. Hana hasira. Mara ya kwanza aliniambia, "Mwalimu, mimi sitaki kesi. Mtoto wako ni mtu mzuri, alikubali mbele ya watu. Anionyeshe tu mahali."

Nilimweleza kwa Kimbeere, nikamweleza tena. Nilimwambia ni mchezo, kama ule watoto hufanya siku ya wazazi shuleni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama utakuja Jumamosi au Jumapili.

Kwao hakuna televisheni. Hajawahi kuona filamu yoyote maishani mwake, wala Chifu, wala hiyo Korongo. Alichosikia ni ulichosema kwa Ireri, basi. Kwa hiyo nilifanya ulivyonishauri. Nilimpeleka kwa Sheila Alhamisi asubuhi, hoteli ikiwa haina watu, nikamketisha karibu, nikamshika mkono, na tukaitazama yote ili aone majina yale ya mwisho.

Aliitazama vizuri kuliko mtazamaji yeyote niliyewahi kukaa naye. Hakuogopa giza. Hakushtuka uliposhika rungu. Ulipoanza kuchimba akasogeza kiti. Uliposukuma mwili ndani na kufukia, aliinuka akaenda akagusa kioo kwa kidole, akasema, "Hapa napajua. Ni chini ya daraja, penye mgunga ulioinama." Majina yalipopita sikuweza kumfanya ageuke kuyatazama. Hajui kusoma, Mugendi. Mimi mwalimu sikulifikiria hilo.

Ijumaa hakuja langoni kwangu. Nilifurahi, nikadhani ameelewa. Ndipo wapakiaji wakaniambia yuko mtoni na jembe la kulimia, anachimba peke yake chini ya ule mgunga, na ukingo juu yake umejaa maji ya mvua hizi. Nilimfuata. Nilimsihi atoke. Akaniambia, "Shika hapo, Mwalimu, utoe ule mchanga nimeshalegeza." Nikashika. Ningefanya nini?

Tumechimba naye leo pia baada ya misa. Watu wanatutazama kutoka darajani na hakuna anayeshuka. Naogopa ukingo utatuangukia. Naogopa kwamba hatutapata kitu, na ataendelea mpaka afe humo. Na leo mchana jembe lake liligonga kitu kigumu, tukasimama wote wawili, na ilikuwa jiwe, lakini kabla sijajua ni jiwe niliogopa jambo ambalo mama hapaswi kuliogopa kuhusu mtoto wake.

Kesho tunarudi. Niandikie leo hii uniambie ni upande gani wa mgunga mlipochimba na Kiunga, na mlifika kina gani. Usiongeze neno lingine lolote juu ya filamu. Nataka tufike chini, atazame mwenyewe, nami nitazame.

Mama yako,
Teresia